Sevisi Isiyokwisha

Siku Daktari alipostaafu, gari la mkewe lilikuwa zima kabisa. Hilo ni jambo la kusemwa mapema, kwa sababu baadaye watu walizua mengi: wengine walidai lilikuwa bovu tangu zamani, wengine wakasema mwanamke yule hakujua kulitunza. Si kweli. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, lenye kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, na usukani uliong'arishwa na viganja vya watu waliojifunza kuendesha huku jasho likiwatoka. Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na karibu kila mwenye leseni mtaani pale aliipata baada ya kugombezwa naye. Gari alilipeleka gereji kwa wakati wake. Likitimiza kilomita zake linamwagwa oili chakavu, linatiwa mpya, linabadilishwa chujio, linatazamwa breki, linarudi kazini. Hapakuwa na la kusimulia.

La kusimulia lilianza mumewe alipokaa nyumbani.

Mume huyo hakuwa daktari hasa. Alikuwa mfamasia wa hospitali, mtu wa dirisha la dawa, lakini koti jeupe ni koti jeupe, na wagonjwa hawana muda wa kutofautisha. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akiwaambia watu kutwa mara tatu, kabla ya kula, baada ya kula, usiruke dozi hata moja. Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya watoto wao wawili waliozaliwa siku moja na wakaondoka nyumbani karibu pamoja, wakawaachia wazazi vyumba vingi na kelele chache. Kuendesha gari hakujua. Zamani, wakiwa wachumba, Mwalimu alijaribu kumfundisha. Walipofika kona ya kwanza walikuwa hawasemezani, wakakubaliana kwamba ndoa ni bora kuliko leseni.

Wiki za mwanzo za kustaafu alipanga kabati la jikoni. Alipomaliza akaona halijakaa sawa, akalipanga upya kwa kufuata alfabeti: chujio likafuatana na chumvi, sukari ikaenda kukaa na sufuria, na Mwalimu akanywa chai isiyo na sukari kwa sababu alichoka kuitafuta. Kisha asubuhi moja, akimsubiri mkewe avae viatu, Daktari akaketi kiti cha abiria, akafungua kisanduku cha mbele, akakuta kitabu cha gari.

"Mama Pacha," alisema jioni ile, miwani ikiwa ncha ya pua, "hiki kitabu umewahi kukisoma?"

"Nilikisoma niliponunua gari."

"Basi hukukisoma. Hapa wanasema sevisi ifanywe kila baada ya kilomita kadhaa au miezi kadhaa, kitakachotangulia. Hiyo sawa. Lakini teremka huku chini, kwenye maandishi ya sisimizi. Gari likitumika katika mazingira magumu, muda huo upunguzwe."

"Mazingira magumu ni jangwani, Baba Pacha. Ni vumbi, ni milima, ni kuvuta trela."

Daktari akavua miwani. "Wanafunzi wako wanakanyaga klachi kama wanaua nyoka. Juzi nimemwona mmoja anaitafuta gia ya pili kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Jangwa lina nafuu."

Mwalimu akacheka. Hilo lilikuwa kosa lake, kwa maana kucheka kwake kulihesabiwa kuwa idhini.

Muda wa sevisi ukakatwa nusu. Haukupita mwezi, ile nusu nayo ikakatwa. Kila mara Daktari aliketi kiti cha abiria, kitabu mapajani, wakaenda gereji kwa fundi mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimwita Fundi Kesho kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa swali lolote. Mara ya kwanza Fundi Kesho alifanya kazi yake kimya. Mara ya pili alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitazama juani.

"Mwalimu, oili hii ina rangi ya asali. Hata haijajua kama imo ndani ya gari. Tunaimwaga kwa kosa gani?"

"Muulize Daktari."

"Kinga ni bora kuliko tiba," alisema Daktari.

Mara ya tatu Fundi Kesho aliwapokea getini, akafuta mikono yake kwa tambara hata ambapo hapakuwa na uchafu. "Mzee wangu," alisema, "mimi nakula kwa magari ya watu. Gari likija, nashukuru Mungu. Lakini hili lako naona haya. Lirudishe nyumbani lipumzike."

Mtu mwingine angefurahi. Daktari alinuna njia nzima. Kesho yake akaingia dukani, akatoka na seti ya spana, jeki, na funeli mpya ya rangi nyekundu.

Kuanzia hapo Mwalimu hakujua akiamka atalikuta gari katika hali gani. Siku moja alilikuta juu ya mawe, matairi yote yamelazwa uani kama vitumbua. Siku nyingine alitoka kwenda kuanua nguo, akakuta chujio la hewa limefuliwa kwa sabuni na kuanikwa kambani, kati ya kitenge chake na soksi za mumewe. Plagi zilifunguliwa na kusuguliwa mara nyingi hadi moja ikakataa kufunguka, kisha ikakataa kufungika. Na kila baada ya kazi, bolti moja au mbili zilibaki.

"Hizi ni za wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Za akiba," Daktari alimjibu, akazitia mfukoni kama mtu anayeficha peremende.

Wanafunzi nao walikuja kwa saa zao. Walimkuta Daktari chini ya gari, miguu tu nje, ikisalimia. "Karibuni! Dakika chache tu, namalizia!" Dakika hizo zilikuwa ndefu. Mwalimu, asiyependa kumrudisha mtu bila somo, alipanga viti vya jikoni uani, viwili mbele na vitatu nyuma, akafundisha gia kwa mwiko. Mwanafunzi alikanyaga matofali matatu yaliyokuwa klachi, breki na mafuta, akausukuma mwiko mbele, akaurudisha nyuma, na Mwalimu, akiwa kiti cha pili, akapaza sauti: "Tazama kioo!" Mwanafunzi akageuka kutazama kioo kisichokuwepo. Majirani waliegemea ukuta wakitazama. Mmoja aliuliza kama kuna nafasi nyuma, naye anateremka sokoni.

Mara kadhaa Mwalimu alimwendea mumewe akiwa na maneno makali ulimini, na kila mara maneno yale yakamshinda. Kwa nini? Kwa sababu yule mwanamume alikuwa akiimba. Mtu ambaye miezi michache kabla alizunguka nyumbani kama mgeni aliyekosa chumba, sasa aliamka alfajiri, akavaa koti lake la zamani la hospitali lililokuwa limegeuka jeusi kifuani, akaimba chini ya gari kwa sauti mbaya yenye furaha. Nani ana moyo wa kumnyamazisha? Mwalimu akameza maneno, akarudi kwenye viti vyake.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mtihani wa Bucha.

Bucha alikuwa mwenye duka la nyama pale njia panda. Mkono wake mmoja ulitosha kunyanyua paja la ng'ombe, lakini akishika usukani vidole vilitetemeka hadi pete ikagonga. Alikwisha kufeli mara nyingi, zote mbele ya mtahini yuleyule, bwana mwembamba, mnyoofu, mwenye tai hata siku za joto, ambaye walimu wote wa udereva walimwita Bwana Sifuri. Bwana Sifuri hakugomba wala hakutabasamu. Aliandika tu. Bucha alisema ile kalamu ikianza kukwaruza karatasi, yeye husahau hata mguu wa kulia ni upi.

Jioni ya kuamkia mtihani Mwalimu alimkalisha mumewe mezani.

"Baba Pacha, kesho gari lina kazi. Nakuomba usiliguse."

"Hata kulipangusa?"

"Hata kulipangusa."

"Na kulitazama?"

"Kulitazama ruksa. Ukiwa mbali."

Daktari aliahidi, na alipoahidi alimaanisha. Aliyoyafanya asubuhi aliyaeleza mwenyewe baadaye, na kwa maelezo yake hakuligusa gari, alilipima tu. Mkewe akiwa anapiga pasi blauzi, yeye aliwasha injini kidogo ili gari lipashe mwili. Akaizima. Palepale akachomoa kijiti cha oili, akaona oili iko chini. Yeyote wa gereji angemwambia asubiri, oili bado iko juu kwenye injini, haijateremka. Daktari hakusubiri. Aliogopa kwa ajili ya Bucha, akatia oili kidogo kwa ile funeli nyekundu. Akapima tena, bado. Akatia tena. Alipotosheka, akashusha boneti polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga, akarudi kunywa uji.

Uwanja wa mtihani ulikuwa nyuma ya ofisi za leseni, na njia yake ilizunguka barabara mbili na kurudi. Mwalimu wa mtu haruhusiwi kupanda. Husimama getini na walimu wenzake, wote wakijifanya hawana wasiwasi. Njiani gari lilikuwa limekohoa kidogo, Mwalimu akadhani ni klachi ya Bucha. Sasa akamwona Bwana Sifuri anaingia, anafunga mkanda, anachomoa kalamu. Akamwona Bucha anajipangusa viganja kwenye suruali. Gari likaondoka, bila kuruka, na Mwalimu akapumua.

Lilipofika kwenye mteremko wa barabara ya kwanza, moshi ukatoka.

Haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa wa buluu, mzito, kana kwamba mtu amechoma majani mabichi ndani ya ekzosi. Ulitoka nyuma, ukapita pembeni, ukalipita gari lenyewe na kulisubiri mbele. Muuza magazeti akakusanya bidhaa zake akakimbia. Mbwa akabweka mahali fulani ambapo hapakuonekana tena.

"Mwalimu," alisema mwenzake mmoja taratibu, "lile si lako?"

Mwalimu alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ndani ya ule moshi alisikia mlango ukifunguliwa, kisha akamwona Bwana Sifuri, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea haraka, akitoka mbio, tai begani, karatasi kifuani, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi tupu. Alimpita Mwalimu bila salamu. "Linaungua! Linaungua!" alipiga kelele, akajibanza nyuma ya nguzo ya taa ambayo haikutosha kumficha.

Bucha naye? Mwalimu aliingia moshini akikohoa, akitarajia kumkuta amezimia kwenye usukani. Alilikuta gari limeegeshwa pembeni kabisa mwa barabara, sambamba na ukingo, uzuri ambao hata yeye mwenyewe hakuupata kila siku. Injini imezimwa. Hendibreki juu. Taa za tahadhari zinapepesa. Nyuma, kwa umbali unaotakiwa, pembetatu nyekundu imesimama barabarani. Na kutoka kwenye moshi akatokea Bucha, mtulivu kama yuko dukani kwake, kiatu cheusi mkononi.

Alimpita mwalimu wake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo. "Bwana mkubwa," alisema, "kiatu chako. Na samahani, tusogee huku, hapo ulipo si salama kwa waenda kwa miguu."

Bwana Sifuri alivaa kiatu. Alifunga kamba. Akalitazama gari, akamtazama Bucha, kisha kalamu ikaanza kukwaruza. Safari hii Bucha hakutetemeka. Karatasi ilipotolewa, Mwalimu aliisoma mara mbili kabla ya kuamini: amefaulu.

"Ulifanyaje?" alimwuliza.

"Mwalimu," alisema Bucha, macho yamemlowa kwa moshi na kwa mengineyo, "nilipoona ule moshi nilijua tayari nimefeli. Hofu ikanitoka yote. Mtu aliyekwisha kufeli anaogopa nini tena? Nikafanya tu uliyonifundisha."

Fundi Kesho alikuja kulivuta gari. Alifungua kizibo cha chini, oili ikamwagika, ikaendelea kumwagika, beseni likajaa, akaomba la pili. "Humu mna oili ya magari mawili," alisema. "Injini imenusurika kwa rehema. Mtu akivimbiwa hivi, hata chakula kizuri ni adui." Hakumtaja Daktari. Haikuhitajika.

Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu, akipanga maneno. Kila alipofika kona aliongeza neno moja kali. Alipofika mlangoni alikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo na kati, na mwisho ambao ungeiliza hata sanamu ya jiwe.

Daktari alikuwa mezani. Habari ilikuwa imemtangulia mkewe, kama zilivyo habari. Alikuwa amevua koti na kunawa mikono hadi ikapauka. Mbele yake kulikuwa na birika na vikombe viwili.

"Bucha amefaulu," alisema Mwalimu, akisimama.

"Nimesikia. Nimesikia na mengine."

"Baba Pacha, nikuulize. Mgonjwa akija dirishani kwako, ukampa vidonge vya wiki nzima, akavimeza vyote siku moja ili apone haraka. Ulikuwa unamwambia nini?"

Daktari alikuna kidevu. "Nilikuwa namwambia amejitia sumu."

"Basi umelitia gari langu sumu."

Hotuba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, lakini Daktari hakujitetea. Hakutaja kitabu, wala mazingira magumu, wala jangwa. Alikisukuma kikombe chake pembeni, akasema kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwa ameisikia tangu pacha wahame:

"Gari likiwa zima, unatoka asubuhi na kurudi magharibi. Likiwa juu ya mawe, unakuwa uani. Nikiwa chini ya gari nakusikia unavyowagombeza. 'Tazama kioo!'" Alitabasamu kidogo. "Sikupanga, Mama Pacha. Wallahi sikupanga. Nilidhani kweli nalitunza. Leo tu, nikiwa peke yangu hapa nawasubiri, ndipo nimejiuliza kwa nini siku ninayofunga boneti na gari likawaka, moyo wangu unashuka badala ya kupanda."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Ile hotuba ilimpotea yote, hata mwanzo wake. Alijimiminia chai, na sukari, ajabu, ilikuwa mezani.

"Si ungesema," alisema hatimaye.

"Mtu mzima atasemaje? Aseme nimebaki na mke wangu tu, naomba apewe likizo?"

Hapo wote wawili wakacheka, Daktari kwa haya, Mwalimu hadi chai ikampalia.

Hawakuweka mkutano wala kuandikiana masharti. Walikubaliana tu kwamba sevisi itarudi kwa Fundi Kesho kwa muda wake wa kawaida, na kwamba Daktari atapima oili Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, na upepo wa matairi, na maji, kisha afunge. Spana aliziazima Bucha, ambaye alitaka kukaza meza yake ya kukatia nyama. Zaidi ya hayo, Mwalimu alimwomba mumewe msaada mmoja. Alama za barabarani zilikuwa zikimchosha. Alizifundisha kwa haraka, wanafunzi wakafeli karatasi hata kabla ya kugusa gari. Je, Daktari hawezi kuwakalisha sebuleni jioni?

Daktari alianza kwa kusitasita, akamalizia kwa kukataa kuwaruhusu watu waende nyumbani. Kumbe mtu aliyekaa miaka yote akieleza kwa nini kidonge hiki kimezwe na kile kitafunwe, hachoki kueleza kwa nini alama hii ni duara na ile ni pembetatu. Wanafunzi walimpenda. Walikuja hata waliokwisha kufaulu. Mwalimu alirudi jioni akakuta viti vyote vimekaliwa, akala chakula chake amesimama jikoni, akiwasikiliza wakibishana kuhusu nani ana haki ya kupita kwanza kwenye mzunguko.

Miezi ikapita. Mwalimu akaanza kuona mumewe ana kikohozi cha ajabu: kila mkewe akiingia garini, Daktari anakohoa. Akiuliza una nini, anajibiwa hakuna. Mara nyingine alimkuta amesimama mbele ya gari, mikono mgongoni, akitikisa kichwa kama mtu aliye mbele ya kaburi la jamaa.

"Baba Pacha, sema."

"Sina la kusema. Niliahidi."

"Nakuruhusu."

"Sitaki baadaye ionekane nimeanza tena."

"Sema, mwanamume wewe!"

Daktari akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia kwa wiki kadhaa. "Kilomita zimepita. Zimepita zamani. Oili imekuwa nyeusi kama kahawa, na breki za mbele zinalia, husikii? Wewe una wanafunzi wengi siku hizi, umesahau. Safari hii ni kweli, Mama Pacha. Naapa kwa cheti changu cha ufamasia."

Mwalimu aliinama kutazama kilomita, akazihesabu upya. Mumewe alikuwa sahihi, tena kwa mbali. Alitaka kusema neno la kujitetea, akaona halina pa kuegemea, akageuza ufunguo.

Walilipeleka gari gereji asubuhi ileile. Fundi Kesho alichomoa kijiti, akakitazama, akamtazama Mwalimu kwa jicho la lawama, kisha akampa Daktari mkono wa pongezi, jambo lililomfanya Daktari arefuke kidogo. Gari lingebaki pale kutwa. Wanafunzi wa siku ile wakapigiwa simu, wakaambiwa wapumzike.

Basi wakatoka getini kwa miguu, mke na mume, jua likiwa bado changa. Barabara ilikuwa ndefu na haikuwa na kivuli. Kwenye nguzo ya kwanza Daktari akasimama, akainua kidole.

"Ile, Mama Pacha. Unaijua maana yake?"

"Baba Pacha, mimi ni mwalimu wa udereva."

"Najua. Nakuuliza."

Mwalimu akaitazama ile alama, akajibu, na kwa makusudi akajibu vibaya. Daktari akamshika mkono, akaanza kumweleza tangu mwanzo, bila haraka, hadi walipofika nguzo ya pili.